Karatasi ya talaka ya mama mdogo, tuliifata mpaka Chake

Asalam alaykum wapendwa. Nimekaa kimya siku nyingi humu, nilikuwa kwenye safari ya karatasi. Karatasi moja tu, ukurasa mmoja, imenichukua wiki mbili na ushee kuitafuta kutoka Unguja mpaka Pemba, na nnaiandika habari yake yote kwa sababu tokea nirudi nshaulizwa na wanawake watano mbali mbali, ulifanyaje, ulianzia wapi, mana na mie nnaitaka yangu. Kwa hivo leo ntaeleza mwanzo mpaka mwisho.

Mama yangu mdogo, mdogo wake mama tumbo moja, aliachwa zamani huko Pemba mie bado niko skuli. Hakuolewa tena. Kalea watoto wake watatu kwa kushona na kupika maandazi, wote sasa wana majumba yao, na mwaka huu akaja baba mmoja mstaarabu wa hapa hapa Unguja, kafiwa na mkewe, kaja kuposa kwa heshima zake na wazee wake. Sote nyumbani tumefurahi furaha ambayo siwezi kuieleza. Siku ya kupanga tarehe yule shekhe anaefungisha ndoa mtaani kwetu akauliza, huyu bibi ni mjane au mtalaka? Tukamwambia mtalaka. Akasema alhamdulillah, basi karatasi ya talaka nileteeni niione.

Chumba kizima kikanyamaza.

Karatasi ilikuwepo zamani. Yule bwana alipomuacha alimletea kikaratasi cha daftari la skuli kimekunjwa mara nne, kaletewa na mtoto wa jirani, kimeandikwa kwa wino wa buluu kwamba mimi fulani bin fulani nimemuacha mke wangu fulani binti fulani talaka moja, na saini chini. Hakuna shahidi, hakuna muhuri. Mama mdogo akakitia kwenye sanduku la mbao chini ya kanga zake za harusi na akakisahau kwa makusudi, na nani atapenda kukitizama kitu kile kila siku? Miaka ikapita mchwa wakaingia kwenye sanduku. Alipofungua akakuta unga, kanga unga, kikaratasi unga. Yule bwana mwenyewe yuko Maskati miaka mingi, simu hapokei, ujumbe anausoma hajibu.

Yule shekhe mie simlaumu hata kidogo na nataka hili lieleweke, mana kuna watu mtaani walimnunia. Anafungisha ndoa kwa dhamana. Akimfungisha mwanamke ambae talaka yake haijathibitika, kesho akitokea mtu kusema huyu ni mke wangu sikumuacha, ni ndoa juu ya ndoa, na dhambi ile nani ataibeba? Alichokitaka ni haki. Ninaemlaumu ni aliekata kikaratasi cha daftari akampa mtoto mdogo apeleke, akaondoka akaoa kwengine, yeye hajaulizwa karatasi na mtu tokea siku ile mpaka leo, mana mwanamme anaoa wa pili na wa tatu hakuna anaemwambia lete cheti cha talaka. Mwanamke ndie anaeulizwa. Kwa hivo mwanamke ndie anaepaswa kuwa nayo mkononi, na hili ndilo ninaloling'ang'ania kumwambia kila niliezungumza nae: talaka ya mdomo ni talaka, hapo hapana mjadala wa dini, lakini isipoandikwa pahala inamuacha mwanamke hana mume na hana ruhusa. Deni la shilingi elfu kumi tumeamrishwa tuliandike, ile aya ya 282 ya Suratul Baqara ndio aya ndefu kuliko zote ndani ya Msahafu na ni ya kuandikiana madeni. Na kwenye Suratut Talaq mumeambiwa mshuhudishe wawili waadilifu. Sasa maisha ya mtu yanaandikwaje kwenye kipande cha daftari bila ya shahidi?

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwetu Zanzibar ndoa na talaka za Waislamu ziko chini ya Mahkama ya Kadhi. Kulikuwa na sheria ya 1985, sasa hivi tuna sheria nambari 9 ya 2017. Kila wilaya ina kadhi wake na juu yao kuna Kadhi Mkuu. Ile Sheria ya Ndoa ya 1971 ambayo mnaisikia sana kwenye redio za bara huku kwetu haitumiki, kwa hivo ukitafuta mtandaoni ukaona maelezo ya mabaraza ya usuluhishi na RITA, wakala wa usajili wa huko, jua hayo ni ya Tanzania bara, kama uliachwa Dar ndio utakwenda huko. Na wasiokuwa Waislamu hapa Zanzibar kesi zao za ndoa haziendi kwa kadhi, zinakwenda mahkama za kawaida. Halafu tokea 2018 kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, hawa hawa wanaotupa vipande, yani vitambulisho, vya Mzanzibari Mkaazi, ambao kazi yao ni kusajili uzazi, vifo, ndoa na talaka. Ukiachwa leo, talaka yako isajiliwe, na kama unatafuta talaka ya miaka ya karibuni waulize na hao. Lakini talaka ya zamani kama ya mama mdogo iko kwenye daftari, la karatasi, kwenye mahkama ya wilaya, na daftari linataka miguu.

Kosa la kwanza tulilofanya ni kuanza Unguja kwa vile tunakaa Unguja. Tumekwenda ofisi moja, jina siitaji, tukaambiwa rudini kesho, tukarudi, tukaambiwa anaehusika hayupo, mara ya tatu kijana mmoja pale mezani akamtizama mama mdogo akamwambia, bibi kwa umri huu ndoa ya nini tena, si upumzike tu. Alisema vile mbele za watu. Mama mdogo hakujibu kitu, alishika mtandio wake akauweka sawa akatoka nje, na nje akaniambia turudi nyumbani mwanangu, basi, yashapita. Nilikaa nae kwenye ukuta pale nusu saa nzima. Nikamwambia hatuendi kuomba fadhila, tunakwenda kuchukua kitu chako, jina lako wewe limeandikwa mule. Nnaandika haya kwa sababu najua kuna wengine wameambiwa kama hivo wakarudi nyumbani wakakaa. Musikae. Umri si hoja ya karani, na ndoa si ya watoto peke yao.

Usiku ule nikampigia mtu ninaemjua alokuwa akifanya kazi masjala ya mahkama, sasa kastaafu, akanambia maneno mawili yaliyonifungua macho. La kwanza, usitafute talaka kwa pahala unapokaa, tafuta kwa pahala ilipoandikwa. La pili, daftari zimepangwa kwa mwaka, bila ya mwaka karani hawezi kukusaidia hata akitaka, utamwambia afungue madaftari ya miaka kumi? Kwa hivo kabla hujapanda boti, jua mwaka.

Mwaka sasa. Mama mdogo alikuwa na hakika kwamba ni 1997. "Ni mwaka wa Elinino," anasema, "mvua zile sizisahau." Na kweli kila mtu wa umri wake anazikumbuka zile mvua. Lakini mvua za Elinino zilianza mwisho mwisho wa 1997 zikaingia mpaka mwanzo wa 1998, kwa hivo ukisema mwaka wa Elinino umesema miaka miwili. Nikamuuliza mwezi, akanambia Mfunguo Sita, yani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, Maulidi tushasoma, anakumbuka kwa sababu kanzu za watoto za Maulidi alizishona mwenyewe na yule bwana hakuja hata kuziona. Hapo nikakaa na kalenda. Maulidi ya 1997 yaliangukia katikati ya Julai, na ya 1998 yaliangukia mwanzo wa Julai. Lakini Julai ya 1997 Elinino ilikuwa haijaja bado. Kwa hivo kama aliachwa baada ya zile mvua, na ni Mfunguo Sita, haiwezi kuwa 97.

Alietia msumari ni mjomba wetu alieko Wete. Nilimpigia simu nimuulize kama anakumbuka chochote, akacheka kidogo, akasema mie nakumbuka usiku wenyewe. Ilikuwa Jumapili, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazil, mpira ulianza saa nne za usiku kwetu, wametoka kuangalia kwenye televisheni ya jirani, yule kipara Zidane katia mawili kwa kichwa, wanarudi njiani wanapiga kelele wanaingia uwani wanamkuta dada yao kakaa kizingitini gizani na kile kikaratasi mapajani. Fainali ile ni 12 Julai 1998, haina ubishi. Mjomba akanyamaza kidogo kwenye simu halafu akasema, tangu siku ile mie Kombe la Dunia likifika namkumbuka yeye.

Kwa hivo kama hujui mwaka usikae kuumiza kichwa peke yako. Waulize watu wa nyumba ile, na usiwaulize tarehe, waulize kulikuwa na nini. Ilikuwa msimu wa karafuu au ushapita, mtoto gani alikuwa tumboni, nani alikufa, Ramadhani ilikuwa karibu au mbali, uchaguzi ulikuwa ushafanyika? Kwetu wazee wanahesabu kwa Mfunguo, Mfunguo Mosi ni mwezi baada ya Ramadhani na unaendelea hivo, ukipewa mwezi wa Mfunguo na tukio moja la dunia unaupata mwaka wa kizungu bila ya shida.

Tukavuka. Boti ya asubuhi mpaka Mkoani, pale tukapanda gari mpaka Chake, na Chake tukabadilisha tukaenda Wete moja kwa moja, kwa sababu ndoa ilifungwa Wete, mama mdogo alikuwa akikaa Wete, aliachwa yuko Wete, akili yetu yote iko Wete. Mjomba katupeleka mwenyewe. Tulikwenda na barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wa kule anakotoka, na hii barua msiidharau, karibu kila kitu cha mahkama ya kadhi kinaanza kwa sheha, inakutambulisha wewe ni nani na unatoka shehia gani. Karani pale alikuwa mtu mzima mpole sana, katoa daftari la 1998, kafungua Julai, kaenda ukurasa kwa ukurasa mpaka Disemba mbele ya macho yetu. Hamna. Akarudia tena. Hamna. Mama mdogo nikamuona anaanza kukunja kunja ncha ya buibui lake.

Yule karani akauliza, bwana wakati ule alikuwa akifanya kazi wapi? Mjomba akasema alikuwa Chake, dukani, analala huko huko wiki nzima anarudi Ijumaa. Karani akafunga daftari. "Basi nendeni Chake. Mwanamme anakwenda kuandikisha karibu na alipo yeye, si karibu na alipo mke."

Lile neno nimelibeba mpaka leo. Sisi tulikuwa tunafata nyayo za mwanamke, na karatasi ilifata nyayo za mwanamme. Wanawake wangapi wameambiwa hamna na wakaamini hamna, kumbe iko mji wa pili?

Tumefika Chake siku ya pili yake saa mbili na nusu za asubuhi. Hapa nataka kueleza taratibu kidogo mana ndio penyewe. Karani wa kike, kijana, kasikiliza bila ya haraka, kachukua kipande cha mama mdogo, barua ya sheha, na karatasi niliyoiandaa mie nyumbani. Hio karatasi ndio iliyotuokoa kwa hivo niwaambie ndani yake mlikuwa na nini. Jina kamili la mke, yeye na baba yake na babu yake. Jina kamili la mume vile vile matatu. Majina ya mtaani ya wote wawili, mana Pemba mtu anaweza kuishi umri wake wote hajulikani kwa jina la cheti. Mji na mwaka wa ndoa. Kijiji walichokuwa wakikaa. Mwezi na mwaka wa talaka. Majina ya mashahidi kama yanajulikana. Na idadi ya talaka, moja au mbili au tatu. Nilivoandika vile yule dada akasema laiti watu wote wangekuja hivi.

Akaenda ndani, akakaa muda mrefu, akarudi amelikumbatia daftari kwa mikono miwili. Kubwa, refu kuliko kifua chake, jalada la kitambaa limechujuka rangi, pembe zimelika, na ukingo wa chini una alama ya maji kama ramani. Akaliweka mezani taratibu kama mtu anaelaza mtoto. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula, nambari, tarehe, jina la mume, jina la mke, idadi, saini. Akaanza kushuka kwa kidole. Julai mosi, Julai nne, Julai tisa. Kidole kikasimama.

Tarehe 15 Julai 1998. Siku tatu baada ya kile kikaratasi. Kumbe yule bwana alikwenda kuandikisha mwenyewe, na hakumwambia mtu yoyote, na miaka yote hii jina la mama mdogo liko mule ndani yeye anadhani hana kitu. Jina la baba yake limeandikwa Hamis badala ya Khamis. Talaka moja. Mashahidi wawili, mmoja marehemu sasa, mwengine yuhai na anauza samaki pale pale Chake. Na saini. Wino umeshageuka kahawia lakini ile saini iko wazi, herufi ya S ina mkia mrefu umepita mpaka safu ya pili. Mama mdogo akainama akaitizama, hakuigusa, akasema polepole, "Ndio yeye. Hio S yake." Halafu akavuta kiti akakaa. Yule karani akamletea maji bila ya kuambiwa, Mungu amlipe.

Sasa kupatikana kwenye daftari si mwisho. Unaomba nakala, na unaomba nakala iliyothibitishwa, yani yenye muhuri wa mahkama na saini. Musikubali kupiga picha kwa simu mkaondoka mkadhani mshamaliza, mfungishaji ndoa haipokei picha ya simu na ana haki. Unaandika barua ya maombi, fupi tu, nani unaomba, nambari na tarehe ya kwenye daftari, na unaitaka kwa ajili ya nini. Ada utalipa kwa njia ya serikali, unapewa nambari ya malipo unalipia na risiti unaiweka. Mtu akikwambia nipe mkononi ntakufanyia haraka, mwambie nnaomba risiti.

Kabla ya kutiwa saini tukaingia kwa kadhi mwenyewe, na hapa kulikuwa na jambo ambalo sikulitegemea. Kadhi kasoma, kisha kamuuliza mama mdogo, hii ni talaka moja, talaka rejea. Jee bwana alikurejea ndani ya eda? Mana talaka moja mume ana haki ya kumrejea mkewe eda haijesha, na akirejea basi wewe ni mke wake na hii karatasi haina kazi. Mama mdogo akasema hakunirejea, sheikh, hakuja hata mlangoni. Kadhi akauliza nani anajua? Mjomba akasimama akasema mie najua, alikaa eda kwangu, tohara tatu zimekwisha yuko chini ya paa langu na yule bwana hakukanyaga. Kadhi akaandika. Ndio nnasema mwende na mtu wa nyumba, karatasi inasema kaachwa lini, mtu ndie anaesema hakurejewa. Kama talaka ni ya tatu hapo suali la rejea halipo, na kama mwanamke alijivua kwa khului, yani kwa kumlipa mume amuache, au kadhi mwenyewe alivunja ndoa kwa faskhi, hapo hamtafuti daftari la talaka, mnatafuta jalada la kesi, na mnataka nambari ya kesi na nakala ya hukumu. Watu wengi wanachanganya hapa, wanatafutiwa kwenye daftari la talaka wiki nzima kumbe lao ni jalada.

Lile jina la Hamis na Khamis limetucheleweshea siku moja. Nakala inatoka kama ilivo kwenye daftari, hairekebishwi, kwa hivo ilibidi tule kiapo tupate hati kwamba huyu wa kwenye daftari na huyu wa kwenye kipande ni mtu mmoja. Hati ya kiapo inaambatana na nakala, ziende pamoja popote. Someni herufi kwa herufi kabla hamjaondoka dirishani, mana kurudi Pemba kwa ajili ya herufi moja ni nauli ya boti nzima.

Na kama haipo kabisa? Dada mmoja wa Mkoani kaniuliza hivo na nilikwisha muuliza yule karani wa Chake kabla yake. Kama bwana alitamka tu au aliandika kikaratasi nyumbani na hakwenda popote kuandikisha, hakuna cha kutafuta, unafungua shauri la kuthibitisha talaka. Unakwenda kwa sheha, unapata barua, unakwenda mahkama ya kadhi ya wilaya yako, unaeleza, unaleta mashahidi walosikia au walokiona kile kikaratasi, mume anaitwa kama anapatikana, kadhi anasikiliza na anatoa maamuzi ya maandishi. Kuanzia hapo una karatasi. Lakini mashahidi wanakufa. Wa mama mdogo wawili kabaki mmoja. Wewe ambae mashahidi wako wako hai, nenda wiki hii, usingoje mposaji.

Na usidhani karatasi hii ni ya kuolewa tu. Yule bwana wa Maskati akifa kesho, watu wa mirathi watauliza wake zake ni nani siku ya kufa kwake. Mke aliepewa talaka rejea akifiwa yuko ndani ya eda anarithi, eda ikesha harithi, na wake wakiwa na watoto wa marehemu wanagawana thumni moja, yani sehemu moja ya nane, wote kwa pamoja. Tarehe moja kwenye daftari ndio inayosema nani yumo nani hayumo. Nimeona familia zimegombana mpaka hazizikani kwa kukosa tarehe kama ile. Na ukitaka kudai kiliwazo chako, yani kile anachopewa mke alieachwa, au mali mlochuma pamoja kwa jasho lako, suali la kwanza ni lile lile, uliachwa lini?

Kwa wale walioko nje, Maskati, Dubai, Uingereza, munaweza kumtuma mtu lakini mumpe hati ya uwakala iliyosainiwa vizuri, na nakala ya kipande au paspoti yenu. Ndugu yako wa damu bila ya hati anaweza kurudishwa na karani hana kosa, hizi ni siri za watu. Na kwa wanaotafuta za mabibi na mababu, za zama za masultani, hizo haziko wilayani, jaribuni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ila mwende na mtu anaesoma khati za Kiarabu mana makadhi wa zamani ndivo walivoandika.

Tulirudi Unguja Alkhamisi. Yule shekhe wetu kavaa miwani, kasoma nakala, kasoma hati ya kiapo, kairudia tarehe kwa sauti, kisha kamwambia mama mdogo, "Samahani kwa kukusumbua, mama." Mama mdogo akasema hukunisumbua sheikh, umenitafutia. Ndoa imefungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, watu wachache, halua ya Wete kaileta mjomba. Nakala nimetoa kopi tatu, moja iko kwa mumewe, moja kwa mwanawe mkubwa, moja kwa mjomba. Ile yenye muhuri iko kwangu mie, ndani ya bahasha ya nailoni juu ya kabati la chuma, mana sanduku lile la mbao bado analo na hataki kulitupa.